Baba Anatega Taimingi

Kaka yangu,

Huku wazima. Paka wako kazaa ndani ya kapu la nguo na mama hataki aguswe. Aliyechanganyikiwa ni mimi.

Juzi baba alifungua boneti ya lile gari lake kuukuu ili atege taimingi, plagi zichome kwa wakati wake. Unajua anavyofanya: injini inawaka, yeye anazungusha distribyuta kidogo kidogo, ametega sikio mpaka mlio utulie. Mimi nilikaa kwenye usukani. Mlio ukatulia, safi kabisa, lakini yeye akapitiliza. Injini ikakohoa, ikajamba moshi kwenye ekzosi, naye akatabasamu: "Hapo hapo!"

Nikadhani ananitania. Akarudi nyuma, akajifuta mikono, akanikazia macho. "Mbona umezima? Hebu washa!"

Kaka, gari lilikuwa linanguruma mpaka jirani akafunga dirisha.

Nikamwonyesha kwa mkono kwamba linawaka. Akaweka kiganja kwenye madigadi, akahisi mtetemo. Kisha akaniambia mama asijue.

Sijui nishike lipi, nimwambie mama au nifiche. Ila nimekumbuka siku ile ulipomwomba msamaha kwa simu, naye akakujibu kwamba mvua huku bado. Ukakata, na hujapiga tena. Hata mimi nilimwona ana roho ngumu.

Usipige simu, njoo mwenyewe. Nadhani hakukusikia.

Mdogo wako,
mshika usukani