Leo Tumechimba Bila Kutafuta Madini

Jumamosi. Mvua ya kwanza imeanguka asubuhi mapema, ile ndogo ya kunyamazisha vumbi tu, na Kolwezi yote inanuka udongo mpya. Moyo wangu umejaa mpaka nimeshindwa kumaliza bukari, ugali wetu wa hapa. Mke wangu, Mama Ngalula, ameangalia sahani, akasema hilo hajaliona tangu tuoane.

Mikono imejaa malengelenge. Nabonyeza simu kwa kidole kimoja, kile kilichobaki na ngozi. Lakini lazima niandike leo leo, maana nisipoandika mi, kesho Shefu wa kartye, huyu mkuu wa mtaa, atasema ilikuwa kazi yake.

Wanaonisoma hapa wananijua. Mi ni Kalala. Darasa la tano nilimaliza, la sita niliangalia kupitia dirisha. Lakini dunia nimeisoma! Nilikuwa msaidizi wa dereva wa malori makubwa, nimelala Ndola, nimelala Harare, nimefika Durban nikatia miguu kwenye maji ya chumvi, na nikayaonja nihakikishe. Huko Durban ndiko nilikoona njia ya miguu iliyopangwa miti huku na huku, gari haiingii, na watu wanatembea humo bila kwenda popote. Mzee mmoja alikuwa anavutwa na mbwa wake. Nikauliza, huyu anaenda wapi? Wakaniambia: anatembea tu.

Siku ile nilicheka. Siku hizi sicheki tena.

Hii kartye yetu mpya ilipangwa na watu wa mgodi, walipotuhamisha kutoka mtaa wetu wa zamani kwa sababu shimo lao lilifika chini ya vitanda vyetu. Nyumba walitupa, siwezi kukana. Ila walichora viwanja tu, parsele, parsele, parsele, kama daftari la hesabu. Hakuna mti. Hakuna fasi ya mpira. Hakuna hata fasi ya watu wawili kugombana vizuri bila kuangukia jiko la jirani. Na watoto wanakwenda shule kwa barabara ya malori ya madini, ambako dereva akikuona, ujue ameshapita juu yako.

Kitu kimoja tu walisahau kukigawa: ukanda wa nyasi kando ya mfereji wa mvua. Unaanza kwenye bomba la maji, unapanda nyuma ya nyumba zetu, unakaribia kabisa barabara ndogo ya shule. Tangu tufike hapa nasema, batu yangu, tupande miti, tutengeneze njia, watoto wapite humo, wazee wakae humo. Watu wananijibu: Kalala na Durban yake.

Halafu juzi akaja mpima viwanja, kijana wa ofisi ya ardhi, viatu safi. Akaangalia nyasi zetu, akasema wazi kabisa: fasi isiyo na kazi itakatwa parsele na kugawiwa. Atarudi Jumamosi. Akikuta kazi, ataichora kwenye ramani kuwa bustani ya wote. Akikuta nyasi, atapigilia vigingi.

Siku hiyo hakuna aliyecheka Durban.

Basi leo jua halijachomoza vizuri, nimeshaita watu kwenye salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ambayo kila mtu anajua kuikimbia. Leo hawakukimbia. Wamama wamekuja na ndoo za chokaa ya kupaka mawe ya kandokando ya njia. Wanaume wamekuja na beleshi na mitalimbo. Nimeshika kiuno kama waziri, nimesema: baba zangu, tata zangu, chimbeni mashimo ya miti, huku na huku, mi naenda kuchukua miche kwa masista. Nikasukuma baiskeli yangu, huyo.

Kosa langu ni kwamba sikusema shimo la mti lina kina gani.

Mwenzangu, niliacha wanaume, nimerudi nimekuta kofia. Naapa. Miche ya avokado na ya mapera inaning'inia kwenye baiskeli, nami natafuta watu, naona malundo ya udongo mwekundu tu, na sauti zinatoka chini ya ardhi kama siku ya kiyama. Nimechungulia shimo la kwanza, namkuta Tata Muteba, jirani yangu, mtu wa Sandoa, aliyechimba madini kwa mkono miaka na miaka. Ameshazama mpaka kofia. Shimo lake ni jembamba, limesimama wima, kuta zimechongwa safi, na pembeni ametoboa vijishimo vya kukanyaga ili apande na kushuka. Kazi nzuri! Ya kushusha mtu, lakini.

Nikamwambia, "Muteba, huu muti utashuka humu namna gani? Utaufunga kamba?"

Akanyanyua uso uliojaa matope. "Kalala, unisamehe. Mukono inajua shimo ya namna moja tu."

Na wenzake wote hivyo hivyo. Wanaume wa Kolwezi, wape beleshi, waambie wachimbe kaburi la kuku, watakuita jioni uwaletee taa.

Ningecheka mpaka kesho. Lakini kwetu lundo la udongo mwekundu ni tangazo. Mtu mmoja amepita barabarani akaona. Mwingine akamwona yeye akiangalia. Sijashusha hata mche wa tatu, pikipiki zinaingia. Vijana na magunia matupu na beleshi mabegani. Vijana na taa kichwani, mchana! Mama wa mikate ameshaweka beseni lake karibu na shimo la Muteba, ameanza kuuza. Mnunuzi wa mawe ya madini naye kaja na kimashini chake cha kupimia mfukoni, shingo imejaa cheni, anauliza kila mtu, "Mwenye shimo ni nani? Jiwe iko wapi?" Kijana mmoja akamjibu kwa uhakika wa nabii, "Banasema iko ya majani, tata, kama nyasi!" Yeye mwenyewe hajaona hata kokoto.

Hapo nimeacha kushusha miche.

Ninyi wa mbali hamuwezi kuelewa. Kwetu jiwe la kijani, la shaba, si baraka ya mtaa, ni barua ya kuhama. Likionekana chini ya nyumba yako, leo watakuja vijana, kesho atakuja mwenye leseni, keshokutwa ukuta wako una alama ya rangi nyekundu. Tumetoka huko. Na mpima viwanja yuko njiani!

Mama Ngalula ametoka nyumbani na mwiko mkononi, akasimama mbele yangu, hakupiga hata kelele. "Baba Kalala, unatafuta batufukuze tena? Juu ya avokado?"

Mdomo huu umewahi kubishana na askari wa mipaka mitatu.

Mi ni Kalala. Nimepanda juu ya lundo la Muteba, nikapiga makofi. Nikasema, batoto, karibuni! Mwenye macho aangalie. Mwenye pua anuse. Tata mnunuzi, wewe wa kwanza, shuka na mashine yako, na ukipata hata punje moja ya shaba, hii kofia yangu niliyonunua Harare ni yako. Watu wakacheka. Mnunuzi akaona haya kukataa. Wamemshusha na cheni zake zote shimoni kwa Muteba, kiatu kimoja kikabaki juu. Akapima huku, akapima huku, akakwangua, akatema mate juu ya udongo akausugua kwa kidole. Hata mama wa mikate ameacha kuuza.

Sauti ikatoka chini: "Munipandishe. Hii ni udongo ya matofali."

Nikamwomba aende na shimo la pili. La tatu. Matofali. Matofali.

Unajua nini kimetokea? Wamama wamepiga vigelegele. Hapa Kolwezi, ambako mtu akipata jiwe anamwaga bia, leo watu wamecheza kwa sababu chini ya miguu yetu hakuna kitu. Hakuna kitu! Sijawahi kujivunia umaskini wa udongo namna hii.

Wale vijana walikuwa wanataka kuondoka na magunia yao matupu. Nikawaambia, eh, hapana, beleshi mmekuja nazo, na mashimo haya yanataka kujazwa nusu. Wamenung'unika, wamenitukana kidogo, halafu wamejaza. Na samadi ya ng'ombe wamebeba. Mmoja hata ameniuliza kama anaweza kurudi kuangalia mti wake. Mti wake!

Mpima viwanja amefika miche imesimama yote, mawe meupe yamepangwa pande mbili, njia inaonekana. Ametembea kutoka bombani mpaka juu, polepole, sisi tunamfuata nyuma kama arusi. Anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mi tayari natafuta maneno ya hotuba.

Mwishoni akasimama. Mbele yake ukuta.

Akasema kwa heshima, "Tata, njia haitoki. Inafia hapa. Kama haifiki barabara ya shule, siwezi kuiandika njia, wala bustani haina mlango huku. Itabaki nyasi za nyuma ya nyumba, na nyasi nitazikata parsele." Akauliza ukuta ni wa nani.

Watu wote wakaangalia viatu vyao.

Ni wangu. Parsele ya mwisho, ya pembeni, ni yangu. Kila siku nimesema habari ya njia hii, na siku zote katika kichwa changu ilikuwa inapita kwa mtu mwingine.

Niseme ukweli wa ukuta huu. Mi nimezaliwa Kolwezi, baba yangu amezaliwa Kolwezi, babu ndiye aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Miaka ya tisini, kampuni ilipoanguka na mishahara ikapotea, tuliambiwa ni sisi watu wa Kasai tumekula. Turudi kwetu. Kwetu wapi? Tulilala gare, pale stesheni, wazima na wagonjwa, tunangoja treni isiyokuja, na mama yangu alikataa kuachia ufunguo wa nyumba ambayo watu wengine walikuwa wameshaingia. Nilipata njia ya kurudi baada ya miaka. Halafu mgodi ukatuhamisha. Kwa hiyo tulipofika hapa, mi na Mama Ngalula tuliubomoa ule mlima wa mchwa uliokuwa uani, tukakanyaga udongo kwa miguu yetu, tukachoma matofali wenyewe. Niliapa mbele yake: hakuna atakayenisogeza tena hata kiganja.

Aliyesema wa kwanza ni Muteba. Zamani zile za gare, vijana wa upande wake, wenyeji wa hapa, ndio walikuwa wanatupigia kelele twende. Yeye alikuwa anatuletea sufuria ya bukari na sombe, majani ya mihogo, kwa kujificha. Leo ameshika mkono wangu. "Kalala, acha. Wewe walikusukuma ya kutosha. Batafute fasi ingine ya njia."

Fasi nyingine haipo. Alijua, nami nilijua. Upande wa pili ni mfereji.

Nimeangalia Mama Ngalula. Ameshika ukuta kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Barabara ya malori ilikuwa inanguruma kule chini. Nikamwambia, Mama, safari hii hakuna anayetufukuza. Nikisogea, ninasogea mwenyewe.

Ameufuata ukuta mpaka upande wa choo, akarudi mpaka kwenye mndimu wake.

Kisha akasema, "Kama ni vile, uanzie upande wa choo. Mundimu wangu mukiugusa, nitabafukuza bote mi mwenyewe."

Kartye nzima imepasuka kwa kicheko. Hata kijana wa viatu safi.

Tofali la kwanza nimelitoa mi. Si kulivunja: kulitoa, kwa mtalimbo, taratibu, kwa sababu nilikumbuka nani aliukanyaga udongo wake. La pili Muteba. Baadaye mikono ilikuwa mingi sikujua ya nani. Tumesogeza ukuta ndani, upana wa mama mwenye beseni kichwani na mtoto ameshikwa mkono. Choo chetu sasa kinaona watu wengi, tutakizoea. Matofali yaliyobaki tumetengeneza ngazi pale njia inapopanda. Mpima viwanja ametoa kalamu yake ya risasi, akainama juu ya goti, akachora mstari kutoka bombani mpaka barabara ya shule. Akaupitia mara ya pili, ukakolea.

Jioni nimekaa kwenye kiti changu mlangoni. Nasikia miguu. Mama mmoja simjui, ana beseni la mihogo kichwani, ametoka chini, amepanda ngazi, amepita pembeni ya ukuta wangu akatokea upande wa shule. Hodi hakupiga. Ruhusa hakuomba. Hata kuniangalia hakuniangalia, amepita kama fasi hiyo ilikuwa njia tangu Mungu aumbe Kolwezi.

Miaka yote mi ndiye niliyekuwa napita kwa watu. Sasa watu wanapita kwangu, nami nimekaa. Hivi huyo tajiri wa kunishinda leo yuko mtaa gani?

Kesho Jumapili nitavaa suti ya kijivu, nitamshika Mama Ngalula mkono, tutakwenda misa kwa njia yetu.

Kanisa liko upande mwingine kabisa. Tutazunguka.