Kikapu cha Mbasa

Mbinga Mjini,
11 Agosti 2024

Wifi yangu Dorothy,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi hii inayotupasua midomo. Mimi mzima, na kaka yako Hamphrey alipanda jana kutoka kazini kwake bandarini huko kwenu, naye mzima, ana kikohozi kidogo tu. Wewe je, ile malaria imekuachia?

Najua utacheka kuona barua wakati simu ipo. Lakini tangu shuleni wewe na mimi ni watu wa karatasi, na haya ya leo siwezi kuyasema kwa sauti kwenye nyumba ya kupanga. Mficha uchi hazai: sijui kupika. Nilitoka bweni nikaingia chuo cha ualimu, na kote huko nilipanga foleni na sahani yangu. Ulipokuwa unanisifia kwa kaka yako hilo hukumwambia.

Sasa anapanda kila Jumamosi, anakula matonge mawili, anasema ameshiba. Ameshiba nini, na njia yote ile ya milima? Wiki iliyopita nilinunua samaki, mbasa, sokoni nikamchemsha kama maharage ya kwetu Mkumbi, nikikoroga na mwiko, mpaka akawa uji wa miiba. Kaka yako alikula ugali kwa chumvi. Nilikwenda bafuni nikalia.

Nifundishe, Dorothy. Nataka mume wangu ale kwangu.

Konda Praygod atakuletea kikapu. Humo mna maharage, ndizi, na kahawa kutoka shamba la baba.

Wifi yako,
Aurelia


Mbamba Bay,
20 Agosti 2024

Wifi yangu wa milimani,

Malaria imekwisha, na Mama huko Liuli hajambo, anakusalimia. Kikapu kimefika na kahawa nimeshaanza kuinywa. Wewe unajua, kwetu kikapu hakirudi kitupu. Fungua majani ya mgomba utaona mbasa wabichi, na chini yake unga wa muhogo.

Samaki si maharage, Aurelia! Mwoshe kwa chumvi na ndimu. Tandika vitunguu na nyanya chini ya sufuria, mlaze juu yake, funika, moto mdogo. Mwiko uuweke mbali kabisa. Ukitaka kugeuza mchuzi, shika sufuria kwa matambara uitikise taratibu, kama unayembembeleza mtoto. Ugali wa muhogo nao hauanzi na uji kama wenu wa mahindi. Maji yakichemka sana, mimina unga kwa mkupuo, usonge bila kupumzika mpaka uvutike.

Ukishindwa, safari hii usilie bafuni. Lia jikoni, ile chumvi isipotee bure.

Wifi yako akupendaye,
Dorothy


Mbinga Mjini,
15 Septemba 2024

Wifi mpenzi,

Huku hatujambo, vumbi tu ndilo linatutesa. Natumaini nawe hujambo na kazi zako.

Ugali wa kwanza ulitoka na mashimo na matuta kama mashamba yetu ya mlimani. Mama mwenye nyumba akasema Mmatengo hata kwenye sufuria analima ngoro! Wa pili tukautupia kuku. Lakini wa tatu, Dorothy, uling'aa, na samaki alikaa mzima na macho yake, mchuzi mwekundu ukimzunguka. Nilipofunua mfuniko ule mvuke ulinipiga usoni nikacheka peke yangu. Kumbe kupika kuna raha hii na hakuna aliyeniambia? Siku hizi nikifundisha hesabu mchana nawaza vitunguu.

Kaka yako alikula vizuri kuliko siku zote. Halafu tonge la mwisho akaliacha. Akasema, "Kuna kitu kimepungua." Nikamuuliza kitu gani, akasema hajui. Mimi simwelewi, ila wewe umekua naye, unaujua ulimi wake. Kimepungua nini?

Ndani ya kikapu kuna njegere na maparachichi. Kaka yako amekataa tena kukibeba, eti mambo ya jikoni hayamhusu, ndiyo maana namsumbua Praygod.

Wifi yako na mwanafunzi wako,
Aurelia


Mbamba Bay,
3 Novemba 2024

Wifi Aurelia,

Nisamehe kwa ukimya. Afya ninayo, nafasi ndiyo sikuwa nayo. Tulikuwa na ubatizo hapa, nimekuwa mama wa ubatizo wa mtoto wa jirani, na maandalizi yalinimaliza. Kitoto kizito hicho, mkono ulikufa ganzi kanisani.

Uliniuliza kimepungua nini. Nimefikiri sana kabla ya kukujibu.

Ni embe bichi. Lile gumu, la kijani, ambalo kokwa yake bado inakatika kwa kisu. Limenye, ulikate vipande vyembamba, uvitie kwenye mchuzi samaki akikaribia kuiva, pamoja na pilipili nzima isiyopasuliwa. Uchachu uwe wa kutosha kumfanya mtu afumbe jicho moja, basi. Nimekuwekea maembe, maana huko kwenu hayajafika.

Akikuuliza umejifunzia wapi, sema umebuni mwenyewe. Wanaume wanapenda kusikia hivyo.

Wifi yako,
Dorothy


Mbinga Mjini,
1 Desemba 2024

Wifi yangu,

Mvua imeanza, tumepanda mahindi, na miili ni mizima. Bila shaka nawe unaendelea vizuri.

Embe! Nilipika nikaonja, nikaonja tena, nusura nimalize mchuzi nimesimama. Kaka yako aliweka tonge la kwanza mdomoni akaacha kutafuna. Akauliza, "Nani kakufundisha hivi?" Wewe uliniambia niseme nimebuni, lakini uongo haunikai, nikakutaja. Alinawa mkono, akatoka nje kupiga simu. Aliporudi alimaliza sahani yote na kulamba vidole, ila hakuniangalia usoni. Nadhani alikumbuka kwao utotoni akaona haya. Mimi nililala na furaha ambayo sijawahi kuipata tangu harusi.

Na sasa Mama Benadetha anakuja kula Krismasi kwetu! Nitampikia huyuhuyu samaki wa embe, aone kwamba mkwe wake wa mlimani amekuwa mtu wa ziwani. Niombee.

Wifi yako,
Aurelia


Mbinga Mjini,
29 Desemba 2024

Dorothy,

Hukunijibu. Natumaini u mzima. Mimi mwili ni mzima.

Mama alifika tarehe ishirini na nne, nikampa shikamoo na maji ya kuoga, nikaingia jikoni kwa madaha. Hamphrey alisema ana zamu, atapanda baada ya sikukuu. Siku ya Krismasi nikamwandalia Mama, nikakaa mkekani kumtazama anavyokula. Akaonja, akarudisha mkono.

"Mwanangu, hili embe umelitoa wapi?"

"Si ndivyo mnavyopika kwenu Liuli, Mama?"

"Kwetu? Mimi sijatia embe kwenye samaki tangu nizaliwe. Huyu ni samaki wa Glorious, ndivyo wanavyopika kwao Liparamba. Nilimla kwake siku ile ya ubatizo wa mtoto."

Nikamuuliza Glorious ni nani. Akaniangalia, akaisukuma sahani kando. "Dorothy si alisema amekwambia?"

Basi yeye ndiye aliyeniambia, mama wa watu, huku mchuzi unapoa. Kwamba Hamphrey ana mwanamke mtaa wa pili kutoka kwako. Kwamba wana mtoto wa kiume. Kwamba ukoo ulikaa kikao tangu mimba ile, ukakutuma wewe unieleze kwa sababu wewe ni rafiki yangu, na wewe ukawajibu kwamba nimeambiwa na nimekubali.

Mtoto wa jirani, Dorothy! Ulimshika kanisani, ukala kwa mama yake, kisha ukaja kuniandikia namna ya kukata embe. Umenifundisha kumpikia mume wangu chakula cha mwanamke wake, na mimi nikakushukuru. Nilisimama kwenye jiko langu nikicheka peke yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, ila mimi changu nilikuwa nakipelekea maharage.

Nijibu. Nataka kuyasoma haya kwa mwandiko wako.

Aurelia


Mbamba Bay,
6 Januari 2025

Wifi yangu, bado nakuita wifi,

Sijui nikusalimu vipi. Nasikia Mama amerudi Liuli hasemi na mtu.

Yote ni kweli. Kaka aliniapisha kwanza nisiseme, kisha Mama akanituma niseme, nami nikabaki katikati. Damu ni nzito kuliko maji, Aurelia, ningefanyaje? Mara ngapi nilishika kalamu nikuambie! Lakini barua yako ilikuwa imeuliza habari za samaki, nikajibu habari za samaki.

Lile embe halikuwa dhihaka, naapa. Nilidhani ukipika kama yeye, Hamphrey atakosa sababu ya kwenda kule. Nilikuwa upande wako kwa njia yangu. Na uliniandikia kwa furaha mno, nikaona nisikuharibie.

Nimekuwekea mbasa wakubwa kuliko wote niliowahi kukutumia. Pika, ule, yaishe. Kikapu kikirudi nitajua umenisamehe.

Wifi yako siku zote,
Dorothy


Mbinga Mjini,
19 Januari 2025

Dorothy,

Mbasa niliwapika kwa nyanya na vitunguu tu, kama Mama Benadetha alivyonielekeza asubuhi aliyoondoka. Alinielekeza huku analia, akasema hana kingine cha kunipa. Nilikula na mama mwenye nyumba mpaka tukabaki na miiba. Walikuwa watamu sana. Samaki hawana kosa, na mkono wangu sasa unajua kupika, hilo hamtalichukua.

Hamphrey alipanda Jumamosi akakuta begi lake mlangoni. Nilimwambia arudi anakoshibia. Alilichukua akateremka.

Yeye nitamlilia kidogo kisha nitaacha. Lakini wewe nilikuwa nawe kabla yake. Tulilala kitanda cha juu na cha chini, ukiumwa nakuogesha, nikifeli unalia wewe. Yeye mwenyewe nilimpata mkononi mwako. Nilipokuwa sijui kupika nilikuambia wewe peke yako duniani, na wewe ulikuwa unajua kwa nini yeye hali kwangu. Kwa miezi yote ile ulikuwa unajua. Hapo ndipo ninapoumia, na sioni pa kukusamehe.

Usiniandikie tena. Kikapu anakileta Praygod. Ukikipokea usimgombeze, wala usidhani ameiba njiani. Kimetoka kwangu kitupu.

Aurelia