Kigari cha Bibi Naeli Kilichokosa Breki

Engutoto, Arusha

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute umekaa kibarazani na kile kikohozi kimekuachia. Zuhura mdogo wangu, wewe unayemsomea, soma taratibu na usiruke mahali nilipojisema vibaya. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Asubuhi Mlima Meru hauonekani kwa mawingu, nasi mafundi tunaota moto wa mabanzi kwanza ndipo tushike spana. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu unanihurumia salio unakata mapema, na hili ninalotaka kukueleza ni refu.

Miezi miwili iliyopita nililetewa kazi ambayo sijawahi kuifanya. Ni kigari cha umeme, vile vinavyowabeba matajiri wakicheza gofu. Hakina injini, kinakwenda kwa betri sita zilizopangwa chini ya kiti. Ukikiona utadhani ni kibanda cha kuuzia vocha kilichowekewa magurudumu. Namna kilivyonifikia ni habari peke yake. Walutheri wa huku, wakati wa mavuno, kila mtu hupeleka kanisani alichonacho, mkungu wa ndizi, kuku, debe la mahindi, na ibada ikiisha vitu vinanadiwa pale nje ili kanisa lipate chochote. Basi mwenye hoteli mmoja akatoa sadaka kigari chake kilichokufa. Watu walicheka sana. Aliyekinunua ni Elisante, mtu wa Nkoaranga anayefanya kazi Dar, alikuwa amekuja likizo. Alimnunulia mama yake, Bibi Naeli, ambaye magoti yamemgomea mwaka wa pili sasa na kanisani hafiki. Alikinunua Jumapili, Jumatatu akaniletea gereji, Jumanne akapanda basi kurudi Dar.

Mama, nilihangaika. Panya walikuwa wamezaa ndani ya kiti na waya wameugeuza chakula. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota ukoko wa kijani. Chaja yake nayo iligoma, maana chaja ya namna ile isipoonja umeme kidogo kwenye betri haianzi kazi kabisa, inakuwa kama mgeni asiyekula mpaka mwenyeji aanze. Ikabidi nichaji betri mojamoja kwa chaja ya magari, kidogokidogo, siku nne. Mbili zilikataa, nikatafuta nyingine. Nikafungua mota, nikasafisha, nikabadilisha kaboni, vile vipande vyeusi vinavyopitisha umeme ndani ya mota. Siku nilipokanyaga na kigari kikaondoka kimyakimya bila hata kukohoa, gereji nzima iliacha kazi. Fundi mwenzangu wa kupiga rangi alisema gari lisilo na kelele ni gari la mwizi.

Nilipojikwaa ni kwenye breki. Zilikuwa zimelika hadi chuma, na za saizi ile sikuzipata duka lolote hapa mjini. Nikakaza kebo tu. Nikajaribu kwenye lami yetu ya Engutoto, ambayo ni tambarare kama mkeka, kigari kikasimama nilipotaka. Elisante aliponipigia kuuliza, nilimwambia breki safi. Nilijua si kweli. Lakini Jumapili iliyokuwa inakuja kwaya ya wanawake ya kanisa lao ilikuwa na jubilei, na Bibi Naeli aliiimbia kwaya hiyo tangu akiwa msichana. Walioianzisha wamebaki watatu. Wangeitwa mbele wote watatu, na yeye asipokuwepo wangeitwa wawili. Mimi nikataka niwe fundi aliyemfikisha.

Jumamosi tukakipandisha kwenye lori la Canter hadi Nkoaranga. Nilipoona njia ya kwa bibi, nilizikumbuka zile breki. Kanisa liko juu, nyumba yake iko chini kabisa, na katikati ni mteremko ambao hata mbuzi anaushuka kwa kufikiri. Nilimwamkia, akanipokea kwa kikombe cha chai ya maziwa, akakizunguka kigari kwa mkongojo wake. Majirani wote waliokuja kushangaa waliuliza swali moja, kama kitapanda. Yeye aliuliza kama kitashuka.

Nikasema kitashuka. Kisha nikakipandisha peke yangu kidogo na kukirudisha, nimwonyeshe. Kanyagio likaenda hadi chini na kigari hakikujali. Nilikata usukani nikaingia kwenye migomba, mgomba mmoja ukalala, mwingine ukanizuia. Sikuumia, Mama, usishtuke. Niliumia kwa aibu, maana bibi alikuwa mlangoni anaona.

Nilirudi kwake nikamweleza yote, breki zilivyolika na nilivyomdanganya mwanawe. Aliutazama mgomba uliolala. Kisha akasema, "Mtu wa tambarare hulisifu gari kwa kupanda. Sisi huku tunalisifu kwa kushuka." Nikamwomba msamaha, nikamwambia kesho asikipande, Jumapili nyingine kitakuwa tayari. Akasema jubilei haiko Jumapili nyingine. "Wewe nipandishe. Kushuka ni kwa baadaye."

Asubuhi nilimpandisha, nimefunga jiwe kubwa kwa kamba pembeni yangu, tukikwama nilitupe nyuma ya gurudumu. Hatukukwama. Kigari kilipanda vizuri, naye njia nzima alikuwa ameshika kilemba chake kama tunapaa. Sikuingia ibadani, unajua, nilikaa nje na kigari changu. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na walipoitwa wale watatu nilisikia sauti zao. Hazikuwa nzuri tena, zilikuwa za vikongwe. Nililia, Mama, na wala sioni haya kukuandikia.

Ibada ilipoisha mchungaji akaja kukisifia kigari. Bibi Naeli akamwambia mbele za watu kwamba hakina breki. Nilitamani ardhi inimeze. Wanaume wakaulizana, mmoja akaenda kuleta kamba za kufungia ng'ombe, wakazifunga nyuma, sita wakashika. Wanakwaya wakatangulia mbele wakiimba. Bibi akadai usukani aushike mwenyewe, mimi nikatembea pembeni na jiwe langu. Njia ya robo saa tuliishuka zaidi ya saa moja, kwa sababu kila geti alisimamishwa, huyu anamletea maziwa, yule anamwonyesha mjukuu ambaye hakuwahi kumwona. Walipofika kwake hawakuondoka. Wakapika.

Wiki iliyofuata nilipata mtu wa kubandika kitambaa kipya cha breki, kile kigumu kinacholika, nikarudi Nkoaranga kuzifunga. Nikapakia mikungu ya ndizi uzito wa bibi mara mbili, nikashuka nayo, kigari kikasimama kila nilipokanyaga. Nikamwendea nikamwambia, "Bibi, sasa breki ni safi kweli." Akaja mwenyewe kukanyaga, akaridhika. Kisha akanishika mkono akasema, "Asante, mwanangu. Ila wa kanisani usiwaambie."

Sijawaambia. Nasikia kila Jumapili bado wanamshusha kwa kamba. Nimesema uongo mara mbili kwa kigari kilekile, na huu wa pili hauninyimi usingizi.

Linaloninyima usingizi ni wewe. Miaka mitatu nimekutumia godoro, redio na taa ya sola, na kila ukisema asante nilihesabu kwamba nimefika nyumbani. Elisante naye alihesabu hivyohivyo, na mimi nilimsema moyoni kwamba kamwachia mama yake kigari akaondoka.

Nisalimie mjomba Hamisi, mwambie asiache kumpeleka mkewe kliniki. Nisalimie shangazi anayekufinyangia chungu kila mwaka ukakivunja. Nisalimie Bi Somoe, jirani anayekutekea maji, Mungu amlipe kwa niaba yangu. Zuhura, wewe nakusalimu mwishoni kwa sababu umesoma hadi hapa.

Mama, nimeomba ruhusa, mwezi ujao nakuja. Sina mzigo. Nakuja mikono mitupu, unipokee hivyohivyo.

Mwanao,
Saidi