Kidole cha Ribbi Khlafou

Jumapili, 20 Septemba 1936
Joto. Kuta nyeupe mpaka macho yanajifumba yenyewe. Nimempelekea Ribbi Khlafou, rabi wetu mzee, kisu changu, kama kila wiki kwa miaka ishirini na mitatu. Hapa Djerba, kwetu Wayahudi, mchinjaji hachinji kabla mwanachuoni hajapima makali — ndiyo heshima yake. Akapitisha kidole, kisha ukucha, taratibu, kama anayesikiliza kitu cha mbali. Safi, mwanangu, akasema. Nikambusu mkono. Nje, chini ya mizeituni, nikapitisha ukucha wangu — pengo! Dogo kama chembe ya chumvi, lakini latosha kuharamisha nyama. Na aliyenifundisha kulihisi ni yeye. Nikanoa upya, nikachinja, nikanyamaza.

Jumatatu, 21 Septemba
Nililala adhuhuri. Nikaota kisu kirefu kama kichochoro chetu, natembea juu yake pekupeku na siumii. Mke wangu Wardiya akaniamsha, chai imepoa.

Jumanne, 22 Septemba
Balaa sinagogini. Shushan, kijana aliyesomea Tunis, kasema mbele za watu: vidole vya mzee vimekufa, mnalishwa nyamafu! Wakamzomea — huna adabu we, mfundishe mamako! Nami nilizomea. Nyamafu hawajala, nanoa mwenyewe kila mara. Lakini nikisema hivyo, si nitakuwa nimemvua mzee nguo hadharani? Naona aibu sana.

Jumatano, 23 Septemba
Wardiya kauliza, hivi unamheshimu au unamdanganya? Nilitazama mwanga ukipanda ukutani, polepole, hadi ukaisha. Ijumaa alfajiri nachinja kuku wa kafara wa mji mzima, kabla ya Kippur, mfungo wetu wa toba.

Alhamisi, 24 Septemba
Leo kisu kina pengo jipya, nami sikukinoa kabla ya kumpelekea. Kusudi. Nimejiapiza: akisema safi, nitamwambia kwa swali, kama mwanafunzi anavyopaswa — Ribbi, si wewe uliyetufundisha kwamba…?
Akapitisha kidole. Ukucha. Akarudia. Harufu ya yasmini, nzi mmoja. Kisha akanirudishia kisu, mpini mbele.
"Pima wewe, mwanangu. Utakalosema, nalikubali."
Hajawahi kuniambia hivyo! Nikaomba nitoke kidogo, nipate mwanga. Mwongo mimi. Niko barazani kwake, daftari gotini, pengo la leo chini ya ukucha. Nampenda mzee huyu kuliko marehemu baba yangu.
Ananiita kutoka ndani.
"Bougid! Unakawia nini? Unaogopa kisu, au unaniogopa mimi?"
Sijainuka bado.