Ng'ombe Mmoja Aliyebaki Kwenye Simu

Karatu, Alhamisi jioni.

Upepo umevuma kutwa nzima na vumbi jekundu limeingia hadi kwenye sukari. Nimevaa sweta mbili, lakini baridi ninayoisikia leo haitoki nje. Ni ya aibu.

Nieleze taratibu.

Katika ukoo wetu mimi ndiye "mtu wa kompyuta". Cheo hiki nilikipata kwa kuwa wa kwanza kununua laptopu, ileile ambayo sasa ukiiwasha unaweza kwenda kukama, ukarudi, ukaikuta bado inakukaribisha. Kila simu inayogoma naletewa mimi. Naizima, naiwasha. Ikikubali, nasifiwa. Ikikataa, nasema ni mtandao.

Ndiyo maana Boay, mtoto wa dada yangu, aliponiomba niwe mshenga wake, hakutaja busara yangu hata kidogo. Alisema, "Mjomba, simu yako ina kamera nzuri."

Kamera ilihitajika kweli. Ng'ombe wa mahari wako Olbalbal kwa Saitoti, rafiki wa familia anayetuchungia. Kwa ukame huu huwezi kuwaswaga hadi huku juu. Njiani hakuna hata jani. Naye Mzee Amnaay, baba wa binti, yuko Endabash na goti lake halimruhusu kuteremka kule. Tena ana kidonda cha zamani: alipomwoza binti yake mkubwa aliahidiwa mitamba kwa maneno matamu, wakaja vikongwe wasio na meno. Safari hii akasema hapangi siku ya harusi mpaka awaone ng'ombe kwa macho yake, hata kama ni kwenye simu.

Basi wiki iliyopita nikapanda lori la mahindi hadi Olbalbal. Nikapiga picha kama mtalii. Karibu kila ng'ombe mbele, ubavuni, nyuma. Saitoti akanitazama nikizunguka na simu juu, akauliza, "Rafiki, unatafuta mtandao? Ng'ombe iko hapa chini."

Nikacheka. Nikaendelea kuzunguka.

Jana simu ikaniambia nafasi imejaa. Si kosa lake. Nimo kwenye kundi la kwaya, kundi la ukoo na kundi la watu ambao siwajui, na kila alfajiri kuna mtu ananitumia ua lenye maneno "asubuhi njema". Simu ikanishauri kwa adabu: una picha nyingi zinazofanana, nikusaidie kufuta? Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza, na pipa la taka nalo nilisafishe? Nikajisemea, huyu ndiye msaidizi. Safisha tu, mwanangu.

Sikuangalia ilichofuta.

Leo, sebuleni kwa Mzee Amnaay, chai imeshamiminwa, na Paskalina, bibi harusi mwenyewe, yuko jikoni anajifanya hasikilizi. Nikafungua picha kwa madaha. Ng'ombe mmoja wa kijivu. Nikasukuma kioo. Ua la waridi. Nikasukuma tena. Ua jingine.

Kwa simu yangu, kila ua ni la pekee duniani. Ng'ombe wote ni yuleyule.

"Ni huyu tu?" Mzee akauliza.

"Wapo wengine, Mzee. Simu imewafuta."

"Imewafuta." Akamgeukia mkewe. "Umesikia, mama? Siku hizi hata fisi hatumhitaji."

Mama akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Jikoni mwiko ukaacha kukoroga. Ulikuwa mwiko wa mtu anayeiona harusi yake ikiyeyuka.

"Haya, nieleze kwa mdomo," Mzee akasema. "Wakoje?"

Nikafungua mdomo. Na hapo, ewe shajara, ndipo ilipo aibu yenyewe: sikuwa na cha kusema. Nilikaa nusu siku katikati ya ng'ombe wale na nilichokumbuka ni kioo. Nakumbuka nikipangusa vumbi kwenye kamera. Nakumbuka chaji ikipungua. Uongo mzuri ulinifika hadi ulimini, wote mitamba, wote wanene, ngozi zinang'aa. Nikaumeza pamoja na chai.

"Namkumbuka mmoja tu, Mzee. Mwekundu, ana baka jeupe juu ya jicho, na pembe moja imelala kama anasikiliza kitu. Alinitolea leso mfukoni. Tukavutana, akashinda, akaila. Huyo hata picha sikumpiga, mikono ilikuwa na kazi. Wengine sikuwaangalia. Niliwapiga picha."

Mzee akazungusha kikombe chake.

"Yule mshenga wa binti yangu mkubwa," akasema, "aliwakumbuka wote. Hata meno aliyataja."

Nikadhani nafukuzwa.

"Nenda tena. Nakupa mpaka Jumapili. Picha piga, lakini uwe umewaona. Na huyo mla leso awemo. Bila yeye hatuongei."

Jikoni sufuria ikaanguka. "Samahani, baba!" Ilikuwa sauti ya mtu anayecheka.

Mke wangu anasema niiuze hii simu ninunue kitochi, kisimu cha vitufe. "Kitochi hakikufikirii," anasema, na ni kweli. Lakini nashindwa kuichukia. Inanikumbusha mgeni wetu mmoja aliyekiosha kibuyu cha maziwa cha mama kwa sabuni, akatoa harufu yote ya moshi inayoyapa maziwa ladha, iliyokolea humo miaka na miaka, kisha akatuletea kikinukia maua, uso umejaa furaha. Ungemgombezaje? Waliotengeneza programu ile hawajawahi kumchagua ng'ombe. Mimi pia ukinionyesha magari yao, naona gari moja tu. Kosa langu ni kumwachia mgeni kibuyu, nikaenda zangu.

Sasa hivi, nikiwa naandika, simu imelia. Imenitengenezea zawadi: "Kumbukumbu za wiki yako". Ni yule ng'ombe wa kijivu, anasogea taratibu, na gitaa linapigwa kwa huzuni. Tumeitazama mara mbili na mke wangu. Ameomba nisiifute.

Lori linaondoka alfajiri. Maua nimeyafuta mwenyewe, moja moja, kwa kidole changu. Huko Olbalbal simu itakaa mfukoni mpaka nimzunguke kila ng'ombe na nimjue.

Nimechukua leso mbili.