Nyoka wa Shemeji Sostenes Hatulii

Anyesi, uko wapi? Kaa kitako kwanza.

Sostenes kamwambia dada yangu Gladness aondoke nyumbani kwa ajili ya nyoka. NYOKA!

Yule jike mdogo mwekundu asiye na sumu, anayemfuga kwenye sanduku la kioo na kumwita Malkia. Tangu juzi hatulii, anazunguka kwenye kioo na kusukuma mfuniko kwa pua. Mtaalamu wetu akakuna kidevu, akasema, "Malkia anahisi una wivu naye. Nenda kwa mama yako kule Mlali kidogo, atulie."

Eti wivu! Mke wa ndoa ya kanisani aonee wivu nyoka!

Gladness akatoa begi, akakunja vitenge machozi yakimlenga. Ila kabla ya kutoka akampigia daktari wa mifugo, akaweka spika, akamweleza nyoka hatulii.

"Taa ya kumpasha joto inamulika wapi?" daktari akauliza.

Shemeji kwa maringo: "Kote, daktari. Hata kale kapango kake nimekatoa, ili atokee vizuri kwenye picha."

Daktari akacheka mpaka akakohoa. "Unambanika mwenzako, bwana! Anatafuta kivuli na pa kujificha. Mrudishie pango, na upande mmoja usiwe na taa."

Shemeji akarudisha pango, taa akaisogeza upande mmoja. Malkia akaingia humo, akatulia tuli.

Sostenes, bila haya: "Basi mama, yameisha. Fungua begi."

Gladness akavuta zipu, akalifunga begi. "Mwenzangu kapata pa kujificha asikuone. Na mimi naenda kutafuta pangu."

Yuko hapa kwangu Area D, anatafuna karanga. Sostenes anapiga simu, na sisi tunaitazama tu ikiita.