Kijiko Mfukoni mwa Aproni

Kwako kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu, na umfikishie shemeji na watoto. Natumaini hamjambo nyote. Mimi sijambo, ila mdomo umevimba na kidole kimefungwa bendeji, ndiyo maana mwandiko unapinda.

Najua mkuu wa nyumba hii ya wazee nilikokuwa nikifanya kazi amekupigia simu, akasema baba amegeuka mnyama na ahamishiwe chumba cha kufungiwa. Usikubali kabla hujaimaliza barua hii.

Ni kweli amepiga watu. Asubuhi alikuwa analegea, udenda unamtoka. Ikifika alasiri anaamka amewaka. Alimng'oa jirani yake meno kwa mkongojo. Juma lililopita alimkaba nesi koo, akambamiza ukutani hadi uso ukatapakaa damu. Walinzi walimwangusha, wakamfunga kitandani kwa mashuka huku analia kwamba nyonga inamchoma. Baba yetu huyu, aliyekuwa akiomba majirani wamchinjie kuku, maana yeye hakuweza kuua.

Unazijua hasira zangu za karibu. Niliamini nesi anamzidishia dawa za usingizi asubuhi ili yeye mwenyewe apumzike, kisha anamwacha ateseke. Nikamrukia kabla hata damu haijamkauka, nikamng'oa nywele, nikamuuma bega. Naye si haba, alinipasua mdomo na kunivunja kidole. Katika kuvutana aproni yangu ikachanika, vikaanguka kijiko na kikaratasi cha unga mweupe.

Nesi akaniachia. Akauliza ule unga ni wa nini.

Kaka, ni vidonge vya baba vya maumivu. Alikuwa anavitema, nami sikuvumilia kuona wakimbana taya. Nikaomba nesi aniachie nimpe mwenyewe, nikawa navisaga kwa siri na kuvitia kwenye chai. Nesi akaniambia, huku anatema damu, kwamba vile humezwa vizima ili vitoe dawa kidogo kidogo kutwa nzima. Ukivisaga, yote inamwingia mtu kwa mkupuo, na alasiri anabaki na maumivu matupu. Ningeweza kumuua.

Nimemweleza mkuu kila kitu, na kazi nimeachishwa. Wewe usitie sahihi ya kumhamisha. Tangu siku hiyo baba anameza vizima, kwa mtindi, kutoka mkononi mwa nesi yuleyule, na hajampiga mtu. Nilipokwenda kumuaga na kikombe cha chai, alifumba mdomo akageukia ukutani.

Nibusie watoto.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba